Rubi au spineli? Vipimo vinapogongana mezani

Mawe mekundu yanayoletwa Dar es Salaam kutoka Mahenge na Matombo, mkoani Morogoro, yana usumbufu wake. Rubi, ambayo wazee waliiita yakuti nyekundu, na spineli hutoka huko katika miamba ya marumaru ya namna moja, wakati mwingine katika shimo moja, nayo yote mawili hupata wekundu wake kutokana na kromi. Dalali akiyamwaga kwenye karatasi nyeupe juu ya meza, jicho peke yake halina namna ya kuyatenganisha. Hata wafalme walikosea: jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, linaloitwa hadi leo rubi ya Black Prince, ni spineli.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana vifaa vya msingi, au walau vichache kati yake, na ambaye amepata majibu yasiyopatana. Kwanza tuweke takwimu mahali pamoja. Rubi ni oksidi ya alumini. Ugumu wake ni 9 katika kipimo cha Mohs, densiti yake ni takriban 4.00, na kipeo chake cha mpindo, yaani kiasi ambacho jiwe linaupinda mwanga, ni 1.762 hadi 1.770. Spineli ni oksidi ya magnesi na alumini. Ugumu ni 8, densiti ni karibu 3.60, na kipeo cha mpindo ni karibu 1.718, ingawa zile zenye kromi nyingi hupanda kidogo juu ya hapo. Tofauti iliyo kubwa kuliko zote haimo katika tarakimu hizo. Mwanga ukiingia ndani ya rubi hugawanyika kuwa miale miwili inayokwenda kwa kasi mbili, na ukiingia ndani ya spineli hubaki mwale mmoja, kwa sababu fuwele ya spineli imejengwa sawasawa pande zote na fuwele ya rubi ina mhimili mmoja ulio tofauti na mingine.

Jambo ninalotaka msomaji alishike tangu mwanzo ni kwamba kila kosa la kipimo lina upande wake. Lipo kosa linaloweza kuifanya rubi ionekane kama spineli lakini haliwezi kamwe kuifanya spineli ionekane kama rubi. Ukijua kosa fulani linaegemea wapi, jibu la ajabu halikutishi tena, kwa maana unajua ni upande gani wa kulichunguza.

Dalili: jiwe linawaka jekundu chini ya taa ya urujuanimno, au juani

Hili ndilo jaribio linalopendwa na madalali, nalo kwa swali letu halina msaada. Kromi ndiyo inayowaka, na kromi imo katika mawe yote mawili. Jua la Dar es Salaam la saa sita lina urujuanimno wa kutosha kuyafanya yote mawili yawake kama kaa la moto mlangoni pa duka, na ndiyo maana jiwe lililonunuliwa barazani huonekana limefifia likifikishwa ndani.

Jaribio hili lina faida kwa upande wa pili. Jiwe jekundu ambalo haliwaki hata kidogo aghalabu lina chuma nyingi, na hapo unapaswa kuifikiria ganeti, jiwe jingine jekundu ambalo nalo, kama spineli, huuacha mwanga ubaki mwale mmoja na ambalo Tanzania inalo kwa wingi, au rubi yenye chuma. Baadhi ya rubi za Winza, wilayani Mpwapwa, huwaka kwa unyonge kwa sababu hiyohiyo, hivyo kutowaka kusikufanye uikatae rubi moja kwa moja.

Mwenye spektroskopu ndogo ya mkononi, kifaa kinachoutawanya mwanga katika rangi zake, anaweza kwenda hatua moja mbele. Katika rubi ataona mstari maradufu kwenye wekundu wa mwisho, karibu na nanomita 694, pamoja na mistari myembamba kwenye buluu kati ya 468 na 476. Spineli haina mistari hiyo ya buluu, na kwenye wekundu huonyesha kundi la mistari inayong'aa iliyopangana kama vijiti. Mistari ya buluu huhitaji mwanga mkali na subira, na katika jiwe jeusijeusi isipoonekana haimaanishi kwamba haipo.

Dalili: refraktometa, kifaa cha kusomea kipeo cha mpindo, inaonyesha mstari mmoja tu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa lenyewe niliwahi kulifanya.

Adhuhuri moja kijana dalali alipanda ngazi hadi mezani kwangu na jiwe la umbo la yai, lenye uzito wa karati mbili na kitu.

"Shikamoo mzee. Naomba unipimie hili, mteja ananisubiri chini kwenye bajaji."

"Marahaba. Kaa basi, hii si kazi ya kusimama."

Hakukaa, nami haraka yake ikaniambukiza. Nikaweka tone la kimiminika cha kuunganisha jiwe na kioo cha kifaa, nikalaza uso mpana wa jiwe, nikatazama mara moja. Nikaona mstari mmoja, mkavu, kwenye 1.770. Spineli haifiki hapo, na rubi huonyesha mistari miwili, mmoja kwa kila mwale; nikamwambia ni ganeti. Akashuka ngazi bila kuaga. Kesho yake asubuhi akarudi nalo, akalishika dirishani bila kusema neno, likawaka jekundu mkononi mwake. Ganeti zenye kipeo kikubwa kiasi hicho zina chuma, na chuma huzima mwako. Nikalirudisha kwenye refraktometa, safari hii nikaligeuza taratibu, na ule mstari mmoja ukagawanyika: mmoja ukabaki 1.770, wa pili ukashuka hadi 1.762. Ilikuwa rubi.

Chanzo chake ni hiki. Mhimili wa fuwele ukiwa umelala sambamba na uso uliouweka kwenye kioo, upo mkao mmoja ambao mistari miwili hukutana na kuwa mmoja, nao hukutana kwenye 1.770. Mtu akisoma katika mkao huo tu, rubi huonekana kama ganeti. Ukiligeuza jiwe robo duara, mistari huachana kabisa. Kwa hiyo dawa ni kusoma katika mikao isiyopungua sita, ukiligeuza jiwe kwa nyuzi 30 kila mara, huku ukizungusha kwenye tundu la kutazamia kichujio cha polari, yaani kile kinachopitisha mwanga unaotetema kwa upande mmoja tu. Mistari ikiwa miwili, kichujio kitaonyesha mmoja na kuficha mwingine, kisha kinyume chake. Bila kichujio, tofauti ya 0.008 ni ndogo kiasi kwamba jicho lililochoka huona ukingo mmoja mnene.

Tazama upande wa kosa hili: rubi inaweza kujifanya ina mstari mmoja, lakini spineli haiwezi kutengeneza mstari wa pili unaosogea. Kadhalika, mstari mmoja wa kwenye 1.718 na ule wa kwenye 1.770 si jambo moja. Wa kwanza, ukibaki mmoja katika mikao yote, ni spineli. Wa pili unadai ugeuze tena.

Vipo vyanzo vingine, navyo ni vyepesi zaidi. Ukiona mstari kwenye 1.79 au 1.81 tu, kwa kutegemea kimiminika ulichonacho, huo ni mstari wa kimiminika chenyewe na jiwe halijasomwa kabisa. Aghalabu uso wake hauna msasa mzuri, una mafuta ya vidole, au umebinuka kidogo. Ukiona ukingo wa rangi za upinde wa mvua badala ya mstari, taa yako ni nyeupe. Tumia mwanga wa njano wa sodiamu au weka kichujio cha njano. Ikiwa kila jiwe, hata lile unalolijua vizuri, linasomeka juu au chini kwa kiasi kilekile, kifaa kimesogea, na dawa ni kukipima kwa kipande cha kwatzi, ambacho husoma 1.544 na 1.553, kisha kuongeza au kupunguza tofauti hiyo.

Kwenye ofisi zetu zenye feni ya dari lipo tatizo ambalo vitabu vya nchi za baridi havilisisitizi. Kimiminika hukauka haraka na kuacha chembe za salfa juu ya kioo cha refraktometa, na kioo hicho ni laini. Anayekuja baada yako akilikokota jiwe juu ya chembe hizo huacha michirizi, na baada ya miezi michache mistari yote inakuwa na ukungu. Futa kwa karatasi laini kila baada ya jiwe moja, bila kusugua, na jiwe linyanyue badala ya kulivuta.

Kwa jiwe la mgongo wa mviringo lisilo na nyuso bapa, soma kwa njia ya doa, yaani kutazama doa dogo jiwe linapogusa kioo badala ya kutafuta mstari. Njia hiyo haionyeshi mgawanyiko wa miale, lakini pengo kati ya 1.72 na 1.77 ni pana vya kutosha.

Dalili: jiwe linabaki jeusi katika polariskopu, au daikroskopu inaonyesha rangi moja

Kwa kanuni, spineli iliyo kwenye polariskopu, yaani kati ya vichujio viwili vya polari vilivyopishana, hubaki nyeusi katika mzunguko wote, na rubi huwaka na kuzima mara nne. Kwenye daikroskopu, kifaa kidogo kinachoonyesha rangi ya kila mwale katika dirisha lake, spineli huonyesha rangi moja katika madirisha yote mawili, ilhali rubi huonyesha wekundu wenye zambarau upande mmoja na wekundu unaoelekea chungwa upande mwingine.

Tatizo ni kwamba rubi ikitazamwa kupitia mhimili wake hujificha: hubaki nyeusi kwenye polariskopu na huwa na rangi moja kwenye daikroskopu, kama spineli hasa. Wala hili si jambo la nadra, kwa maana mkataji hodari hupenda kuuelekeza mhimili huo kwenye uso mpana wa jiwe ili ule wekundu wenye zambarau, ulio mzuri zaidi, ndio umfikie mtazamaji. Kadiri rubi ilivyokatwa vizuri, ndivyo inavyoelekea kukudanganya ukiitazama kutoka juu. Ilaze kwa ubavu na utazame tena, kisha kwa ubavu wa pili.

Rangi mbili zikionekana mara moja tu, kwa uhakika, jiwe si spineli na mjadala umekwisha. Rangi moja, hata ukiiona mara kumi kutoka upande uleule, haijathibitisha lolote. Angalia tu usichanganye tofauti ya rangi na tofauti ya mwangaza. Skrini nyingi za simu na kompyuta hutoa mwanga ambao tayari umechujwa kwa polari, na anayeitumia simu kama taa ya daikroskopu ataona dirisha moja jeupe na jingine jeusi hata akipima kipande cha chupa. Tumia mwanga wa dirisha au tochi ya kawaida.

Kosa la kuelekea upande wa pili pia lipo, ingawa si kubwa. Kuta za ndani za jiwe lenye nyuso nyingi huakisi mwanga, na spineli ikionyesha mabaka yanayohamahama kwenye polariskopu mtu hudhani inawaka na kuzima. Rubi huwaka jiwe zima kwa pamoja. Mabaka yanayotembea kama nyoka ni mkazo wa ndani au ni miakisiko. Kuligeuza jiwe likalala kifudifudi, uso mpana chini, hupunguza sehemu kubwa ya usumbufu huo.

Dalili: densiti inatoka katikati, si 3.6 wala 4.0

Ukilipima jiwe hewani kisha ndani ya maji, ukagawa uzito wa hewani kwa uzito uliopungua majini, unapata densiti. Spineli ya karati 2.41 husoma 1.74 majini, imepungua 0.67, na 2.41 kwa 0.67 ni 3.60. Rubi ya uzito uleule ingesoma 1.81 majini, ipungue 0.60, na jibu liwe 4.02. Pengo ni wazi, na mizani ya kawaida ya karati inalimudu.

Sasa chukua jiwe la nusu karati kwenye mizani yenye desimali mbili. Likipungua 0.14 jibu ni 3.57, likipungua 0.13 jibu ni 3.85, na likipungua 0.12 jibu ni 4.17. Tarakimu moja ya mwisho, ambayo mizani yenyewe haina uhakika nayo, inakupeleka kutoka spineli, kupitia eneo la ganeti, hadi ng'ambo ya rubi. Anayeniletea densiti ya 3.85 ya jiwe la nusu karati hajaniletea habari yoyote. Chini ya karati moja, ama uwe na mizani ya desimali tatu au uiache njia hii.

Kwa jiwe kubwa, chanzo cha kawaida ni viputo vya hewa vilivyonasa chini ya jiwe au kwenye kikapu. Kiputo hulinyanyua jiwe, uzito unaopungua huonekana mkubwa, na densiti hushuka. Kwa hiyo viputo huivuta rubi kuelekea spineli, wala havipandishi spineli kuelekea rubi, isipokuwa katika hali moja: kiputo kilikuwapo wakati unasawazisha mizani na kikapu kitupu, kikaondoka ulipoweka jiwe. Chovya jiwe kwanza katika maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, ulipitishie brashi laini, ndipo upime. Wengine huhofia joto la maji yetu. Maji ya nyuzi 30 hubadilisha jibu kwa chini ya nusu ya asilimia moja, spineli ikasomeka 3.62 badala ya 3.60, jambo lisilomnyima mtu usingizi.

Dalili: jiwe ghafi lina pembetatu usoni, na muuzaji anaapa ni spineli

Fuwele ya spineli ina nyuso nane za pembetatu, kama piramidi mbili zilizogusanishwa tako kwa tako, na wachimbaji wa Mahenge huitambua kwa haraka ikiwa haijavunjika. Lakini rubi nayo, kwenye uso bapa ulio kichwani mwa fuwele, mara nyingi huwa na alama ndogo za pembetatu zilizochongeka zenyewe. Usihesabu alama zilizo juu ya uso. Hesabu pembe za uso wenyewe. Uso wenye pande sita, pamoja na ubavu wenye michirizi, ni wa rubi. Kwa kipande kilichovunjika kisicho na uso hata mmoja, daikroskopu hufanya kazi hata kama jiwe halijakatwa, ili mradi linapitisha mwanga.

Kukwaruza kusijaribiwe. Rubi, spineli na ganeti zote hukwaruza kioo cha dirisha, hivyo hujifunzi kitu, na ukikwaruzisha moja kwa nyingine umeharibu mali ya mtu. Spineli ya waridi ya Mahenge inayowaka vizuri huuzwa ghali kuliko rubi hafifu; hakuna sababu ya kuiadhibu kwa kuwa si rubi.

Dalili: vipimo vyote vinasema rubi, lakini moyo unakataa

Sikiliza moyo, kisha chukua lenzi. Rubi ya kutengenezwa kwa mwali wa moto, ambayo mkemia Mfaransa Verneuil aliitangaza mwaka 1902, ina densiti, ugumu na mistari ileile ya rubi ya ardhini, kwa kuwa ni madini yaleyale. Kinachoitenga ni mistari ya ukuaji iliyopinda kama mifereji ya sahani ya santuri, pamoja na viputo vya mviringo; rubi ya ardhini hukua kwa mistari iliyonyooka inayokutana kwa pembe, na aghalabu huwa na sindano nyembamba zinazopishana kwa nyuzi 60. Spineli nyekundu ya maabara ni ngumu zaidi kuitambua, na hiyo sipendi kuiamua kwa lenzi peke yake.

Lipo pia jiwe la tatu, ambalo ni rubi ya kweli iliyojaa nyufa zilizozibwa kwa kioo chenye risasi. Refraktometa itasoma rubi, na haitakuwa imekosea. Liinamishe taratibu chini ya lenzi: kwenye nyufa utaona mmweko wa buluu unaotokea na kutoweka, na viputo vilivyobanwa bapa. Mwambie mwenye jiwe kabla hajampa sonara, kwa sababu mwali wa kuunganishia dhahabu huyeyusha kioo hicho, asidi ya kusafishia pete hukila, na hata maji ya limau ya jikoni hukiachia madoa meupe.

Dalili: fungu la mawe madogo mia mbili, na umeme umekatika

Hapa ndipo ile kasoro ya skrini ya simu inapogeuka kuwa msaada. Washa ukurasa mweupe kwenye simu, vaa miwani ya jua yenye polari, uizungushe simu hadi skrini iwe nyeusi. Weka juu yake bakuli la kioo lenye maji kidogo na umwage mawe machache kwa wakati mmoja. Likizungushwa polepole kwa kibanio, jiwe linalowaka na kuzima lote kwa pamoja litengwe upande wa rubi. Linalobaki jeusi lipinduliwe na kujaribiwa tena kwa mikao mitatu, kwa sababu ya mhimili tuliokwisha kuutaja. Bakuli lisiwe la plastiki. Niliwahi kutumia kifuniko cha kopo la plastiki na kila jiwe likawaka, spineli kwa rubi, kwa kuwa plastiki yenyewe ina mkazo na ndiyo iliyokuwa ikiwaka. Karatasi ya kulinda skrini nayo wakati mwingine hufanya hivyohivyo, na ni vyema kuibandua. Yaliyobaki meusi katika mikao yote yawekwe kwenye kikaratasi chake, yasubiri umeme urudi ili yapite kwenye refraktometa moja baada ya jingine, kwani humo ndani huenda zimo ganeti ambazo skrini haiwezi kuzitenga na spineli.